Seiko 5 ya zamani imekataa kutembea: anzia wapi, na bisibisi uiache wapi

Nyumba nyingi za pwani zina saa moja ya mkono ya Seiko 5 iliyolala droo. Ilikuwa ya baba, au mjomba alirudi nayo kutoka Maskati. Mkanda umekatika, kioo kimekwaruzika, na ukiitikisa inatembea dakika mbili inasimama tena. Wenyewe husema imekufa. Mara nyingi imekauka mafuta tu, au imeshikwa na sumaku, au haina ugonjwa wowote. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotuponza sisi tunaojifunza, maana tunaifungua saa nzima na kuifunga ikiwa mbovu.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoifanyia ya baba yangu. Alistaafu, na miezi michache baadaye akaanza kulalamika kwamba saa yake inasimama usiku. Niliifungua siku hiyohiyo kwa bisibisi ya kukazia miwani. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba saa ile haikuwa na kasoro hata moja, na nitaeleza kwa nini.

Mwongozo huu ni wa mashine moja, yaani ile sehemu ya ndani inayoendesha saa: 7009A, inayopatikana katika Seiko 5 nyingi za miaka ya 1970 na 1980. Ni rahisi kuipata ikiwa mbovu kwa ajili ya vipuri, na ni ngumu kuiua. Dada zake, kama 6309A na 7S26 iliyokuja baadaye, hutenda karibu vilevile.

Kabla ya kufungua chochote

Geuza saa usome mfuniko wa nyuma. Tarakimu nne za mwanzo, kabla ya kistari, ni namba ya mashine, na nne zinazofuata ni za bodi, yaani gamba la nje la saa. Namba ya utengenezaji huanza na tarakimu ya mwisho ya mwaka, kisha mwezi: 1 hadi 9, halafu O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Kwa hiyo 7N ni Novemba ya 1977 au ya 1987. Muongo utauamua kwa mtindo wa saa yenyewe.

Kisha tazama kwa kikuza maandishi madogo sana chini kabisa ya uso wa saa. Pale nako kuna namba ya mashine, na inapaswa kufanana na ya mfuniko. Ikisema kitu kingine, au uso una rangi kali ya machungwa na herufi zilizovimba kama zimechorwa kwa mkono, umeuziwa saa ya kuungaunga. Inaweza kutembea vizuri tu, ila usiilipie bei ya saa kamili.

Mambo mawili ya 7009A huonekana kama ugonjwa na si ugonjwa. Kwanza, haitiwi ufunguo kwa mkono. Kifundo cha pembeni ukikizungusha kikiwa ndani, hakuna kinachotokea. Saa hujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono wako, kupitia kipande kizito kinachozunguka nyuma, yaani rota. Pili, ukivuta kifundo kuitia majira, akrabu ya sekunde haisimami. Ndivyo ilivyoundwa.

Muulize mwenye saa mambo matatu: iliwahi kuanguka? Iliwahi kuingia maji? Nani aliifungua mara ya mwisho? Hili la tatu mimi nalipa uzito kuliko yote. Saa ambayo haijawahi kufunguliwa huwa na uchafu tu. Iliyofunguliwa mara nne huwa na uchafu, skrubu zilizochubuka, na pengine kipande kisicho chake.

Inatembea mchana, inasimama usiku

Hapa ndipo kisa cha baba. Saa ya kujitia ufunguo inataka mkono unaotembea. Mtu anayefanya kazi, anayepanda daladala na kubeba mizigo, huijaza kamani, ile springi inayotunza nguvu ya saa, bila kujua. Akistaafu akawa anakaa barazani na gazeti, kamani hujaa robo, na usiku wa manane inaisha. Saa ni ileile. Aliyebadilika ni mwenye saa.

Jinsi ya kujua: itikise kwa upole ubavu kwa ubavu kama mara mia mbili, au mpe kijana mchangamfu aivae kutwa. Kisha ilaze mezani na uandike muda. Saa za jamii hii zikiwa nzima hutembea takriban saa 40 bila kuguswa. Ikifika 36, 38, funga droo ya vifaa, hakuna kazi hapo.

Isipofika hata 20, kuna jambo moja la kutenganisha. Fungua mfuniko, na kwa bisibisi inayoenea barabara, zungusha skrubu ya gurudumu lililo juu ya pipa la kamani (kasha la mviringo ambamo kamani imejikunja) kwa mwelekeo wa akrabu, mizunguko sita hadi minane. Huko ni kuitia ufunguo moja kwa moja, bila rota. Sasa ilaze tena. Ikitembea saa 40, mashine ni nzima na shida iko kwenye njia ya kujitia ufunguo: rota imelegea, au kile kipande chenye vidole viwili ambacho Seiko hukiita Magic Lever kimejaa grisi iliyoganda. Ikisimama mapema hata hivyo, shida iko ndani: kamani imechoka, au magurudumu yanapita katika mafuta yaliyogeuka gundi.

Haitembei kabisa

Itikise, sogeza sikio. Ikipiga kidogo na kukata, ni ukavu au uchafu. Isipopiga kabisa, fungua mfuniko utazame balansi, lile gurudumu linalokwenda mbele na nyuma chini ya daraja lake, yaani kipande cha chuma kinachoishikilia kwa juu. Lipulizie hewa kwa kipulizio cha mpira. Usitumie mdomo, pumzi ina mate. Likiyumba kwa uhuru muda mrefu kisha likatulia, mhimili wake ni mzima na nguvu ndiyo haifiki. Likiyumba kwa kukwaruza, au limelala upande, mhimili umevunjika. Hiyo ni saa iliyoanguka, na tiba yake kwa anayeanza ni balansi nzima kutoka saa nyingine ya 7009A. Usijaribu kubadilisha mhimili wenyewe.

Ukiona kutu ya kahawia, simama. Kutu kwenye skrubu husafishika, lakini kutu kwenye mihimili ya magurudumu haina dawa ila kipuri.

Inakimbia dakika kumi, ishirini kwa siku

Karibu kila mara ni sumaku. Balansi hurudishwa na springi nyembamba mno iliyojiviringa, ambayo nitaiita unywele kwa kuwa ndivyo inavyoonekana. Unywele ukishikwa na sumaku, mizunguko yake hugandana, ni kama umefupishwa, na saa hukimbia. Spika, kifuniko cha mkoba, kava la simu lenye sumaku, vyote vinatosha.

Chukua dira ya kawaida, ile ya sindano, uilaze mezani na usogeze saa pembeni yake taratibu. Sindano ikicheza, umepata jibu. Mashine ndogo ya kuondoa sumaku ni ya bei nafuu na kazi yake ni ya sekunde chache: bonyeza kitufe, pitisha saa, na iondoe hadi umbali wa mkono kabla ya kuachia. Ukiachia mapema unaitia sumaku upya.

Kama dira imetulia na saa bado inakimbia, unywele una mafuta. Aliyepita kabla yako alitia mafuta mengi, yakatambaa, na mizunguko miwili imegandana. Hapo ni kuosha.

Inachelewa

Chini ya dakika moja kwa siku, na sawasawa katika kila mlalo, ni suala la kurekebisha tu. Karibu na balansi kuna kijiti chenye alama za + na −. Kisogeze kwa kitu cha mbao, kwa kiasi usichoweza hata kuona vizuri, halafu subiri siku nzima. Usitafute ukamilifu: kwa 7S26, mrithi wake, Seiko wenyewe hutaja kati ya sekunde 20 nyuma na 40 mbele kwa siku. Siku ina sekunde 86,400, na arobaini ndani yake ni kitu kidogo.

Lakini ipime kwanza ikiwa uso juu, kisha uso chini, kisha imesimama wima. Ikitofautiana sana kati ya mlalo na mlalo, usikiguse kijiti. Utaficha uchafu kwa wiki mbili, kisha itachelewa tena na kijiti kitakuwa kimefika mwisho.

Tarehe na siku: magonjwa ya kufikirika

Tarehe inaruka saa sita mchana. Sisi tunaosema saa sita kwa mchana na kwa usiku tunaingia mtego huu kirahisi: aliyetia majira aliona akrabu ziko kwenye 12 akaridhika, kumbe saa ilikuwa upande wa pili wa siku. Zungusha akrabu saa 12 mbele, basi.

Jina la siku limegeuka Kiarabu. Saa zilizouzwa Ghuba zina sahani ya siku yenye lugha mbili, nafasi 14 badala ya saba. Usiku hupita lugha moja kwanza na kutulia kwenye nyingine saa chache baadaye. Ukichagua lugha usiyoitaka, ongeza nafasi moja mbele, itakaa hapo kila siku.

Ugonjwa wa kweli ni mmoja, na huletwa na sisi. Kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, meno ya kubadilisha tarehe yamekwisha kushika sahani. Ukiibadilisha kwa kifundo wakati huo, jino la plastiki linaweza kukatika, na tangu hapo tarehe hukwama nusu. Kabla ya kugusa tarehe, peleka akrabu kwenye saa kumi na mbili jioni au asubuhi.

Saa ikisimama kila mara karibu na saa sita usiku, sababu ni mzigo: kubadilisha tarehe na siku kwa pamoja ndiyo kazi nzito kuliko zote za usiku, na nguvu haitoshi. Rudi kwenye jaribio la kamani.

Mvuke chini ya kioo

Hapa usingoje. Fungua mfuniko leo hii, si Jumamosi. Weka saa, mfuniko wazi, ndani ya kopo pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Usiizike kwenye mchele: mchele una vumbi, na vumbi la wanga likipata unyevu unalijua linavyokuwa. Ikiwa ni maji ya bahari, kukausha hakutoshi. Chumvi hubaki na kula chuma usiku huohuo, na mashine inahitaji kuoshwa yote.

Chanzo karibu siku zote ni mpira wa mfuniko uliokauka ukawa kama tambi. Badilisha na upake grisi ya silikoni kidogo. Maandishi ya “Water Resistant” yaliandikwa saa ikiwa mpya. Baada ya miaka 40 usiyaamini hata kwa kuoshea vyombo.

Inakwaruza ukiitikisa

Rota. Skrubu yake imelegea au gololi zake zimechakaa, na inasugua mfuniko au madaraja. Tazama ndani ya mfuniko: utaona mduara uliochimbwa. Kaza skrubu, ikiendelea, badilisha rota nzima.

Kusafisha nje, na uso usiouguse

Ondoa mashine kwanza. Bodi tupu na bangili ya chuma vyaweza kuogeshwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, na utashangaa rangi ya maji. Kwenye pembe tumia vijiti vya meno. Kama bodi ni chuma cha pua inasafishika hadi ing’ae. Kama ni shaba iliyopakwa kromu na imetoboka vidonda, iache ilivyo.

Kioo: dawa ya meno inasaidia kioo cha plastiki pekee. Seiko 5 nyingi za 7009 zina Hardlex, ambacho ni kioo cha madini, na utasugua mpaka mkono uume. Nunua kipya.

Uso wa saa usiuguse. Usitie maji, pombe, wala kitambaa laini. Maandishi yamechapwa juu ya rangi na hutoka kwa kuguswa mara moja. Puliza vumbi, basi. Madoa ya umri ni mali ya saa.

Onyo kwa wenye saa za Uswisi za kabla ya miaka ya 1960: ile rangi ya kahawia kwenye namba iliyokuwa ikiwaka gizani huenda ni ya radiumu, madini yenye mionzi ya hatari. Haiwaki tena kwa sababu rangi imechoka, lakini radiumu hupungua nusu kwa miaka 1,600 hivi. Usiikwangue, usiipulize, usifungue kioo chake kwenye meza ya kulia chakula.

Kuosha mashine yenyewe

Ikiwa majaribio ya juu yamekuleta hapa, nunua mashine ya pili, mbovu, na uanze na hiyo. Mimi nilianza na ya baba. Bisibisi iliteleza ikapita juu ya unywele, na kwa sekunde moja ule mviringo mzuri ukawa uzi uliovutwa.

Piga picha kila hatua, na kila skrubu iweke mahali pake kwenye kasha la vidonge la siku saba. Ondoa rota. Kisha, kabla ya jambo lingine lolote, toa nguvu ya kamani: shika skrubu ya gurudumu la juu kwa bisibisi, sukuma kizuizi kando kwa kijiti, na iachie izunguke kidogo kidogo mkononi mwako. Ukisahau hatua hii ukang’oa uma unaozuia magurudumu, kamani itajimwaga yote kwa mkupuo na mihimili inaweza kukatika.

Mti wa kifundo hutoka kwa kubonyeza kidude chenye kitobo karibu na pale unapoingilia. Hukioni? Sogeza kifundo nafasi nyingine kitokeze. Usibonyeze kwa nguvu kitu usichokijua. Akrabu ziinue huku uso umefunikwa kwa plastiki.

Wengi hapa hutumbukiza mashine nzima kwenye petroli ya gari, huitikisa na kuianika. Inatembea kweli, kwa mwezi mmoja, maana uchafu umehamishwa tu na mafuta yote yameondoka. Magurudumu lazima yatolewe. Tumia petroli nyepesi safi, ile ya kujazia viberiti, katika vyombo viwili: cha kwanza kuosha kwa brashi laini, cha pili kusuuza. Dirisha wazi, jiko mbali. Vitobo vya vito, vile vijiwe ambamo mihimili huzungukia, visukutue kwa kijiti cha meno kilichochongwa hadi kitoke safi. Pombe kali pia husafisha, ila uma wenye vito viwili usiuloweke humo: vito hivyo vimeshikizwa kwa gundi ya sheleki, na pombe huiyeyusha.

Vito vya balansi vimebanwa na kispringi chenye umbo la ua, mfumo ambao Seiko huuita Diashock. Kifungue mikono yako ikiwa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki angavu. Cha kwanza kilinirukia nikakitafuta kwa tochi, nimelala kifudifudi, tangu magharibi hadi isha.

Mafuta ndiyo yanayowashinda wengi. Mafuta ya cherehani ni mazito na hutambaa. Mafuta ya nazi sitasema kitu, nimeyakuta. Yanayotumika ni mafuta ya saa ya Moebius: 9010 kwa magurudumu ya haraka na vito vya balansi, D5 au HP1300 kwa yale mazito yaendayo polepole, na 9415 kwenye vito vya uma. Kiasi ni kidogo kuliko unavyofikiri: kikombe cha kito kisijae, nusu yatosha. Mihimili ya uma haitiwi kabisa, wala unywele.

Ukirudisha kila kitu, weka balansi mwisho. Kamani ikiwa na mizunguko miwili tu, itaanza kupiga yenyewe kabla hujakaza skrubu ya daraja. Isipoanza, usikaze. Inua, angalia kijiti cha chini ya balansi kimeingia katikati ya uma, jaribu tena.

Imefungwa, lakini sasa inasimama saa saba na dakika tano

Hiki ni kilema cha mikono yetu. Saa saba na dakika tano ndipo akrabu ya dakika hupita juu ya ile ya saa. Zikigusana, saa husimama papo hapo, kesho tena papo hapo. Zitazame kwa ubavuni na kikuza. Ya saa iwe sambamba na uso, ya dakika juu yake, ya sekunde isiguse kioo. Kisha zungusha saa 12 nzima ukitazama kila mpishano kabla ya kufunga mfuniko.

Ya baba ilipata balansi kutoka saa iliyokuwa haina uso wala kioo. Sasa inakwenda mbele sekunde 15 hivi kwa siku. Bado inasimama akikaa sana barazani. Akiniita naitikisa, naitia majira, namrudishia.